Nani Ameonja Kwanza?

Wacha nianze na kitu ambacho mpaka leo kinaniaibisha.

Miezi miwili iliyopita niliitwa Nairobi kurekodi usiku wa sake, ile pombe ya Wajapani ya mchele. Mnaonifuata mnajua mimi sinywi, na sababu nitaifikia, lakini kazi ni kazi na nauli ilikuwa imeshalipwa. Hoteli safi, watu wamependeza, na mezani kulikuwa na vikombe vidogo vya udongo ambavyo ungedhani ni vya watoto kuchezea. Mwenyeji akatueleza taratibu zake. Hujimiminii mwenyewe. Unammiminia jirani yako, naye anakumiminia wewe, na akianza kumimina unakishika kikombe chako kwa mikono miwili. Akatuambia kwamba kwenye harusi za Kishinto bibi na bwana harusi hunywa kutoka vikombe vitatu, kila kimoja mafunda matatu, na hayo mafunda tisa ni sehemu ya kiapo chao. Sake hutolewa pia kwenye madhabahu, na miungu wakishapewa yao ndipo watu wanapokunywa.

Nilirekodi kila kitu. Juu ya video nikaandika: "Hawa watu wanaheshimu utamaduni wao." Manze, ilienda vizuri kuliko kitu chochote nilichotengeneza mwaka huu.

Wiki iliyofuata nilikuwa Seme, kwa Dana. Kama wewe si Mjaluo, dana ni nyanya. Ilikuwa kumbukumbu ya babu. Baba mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye boma, alipanda juu ya kiti akachomoa kitu kirefu kutoka kwenye paa la ile nyumba ya zamani. Kilikuwa kimefungwa kwa magazeti yaliyogeuka rangi. Alipokifungua nikaona ni oseke, mrija wa kunywea pombe, mrefu kunishinda mimi, una kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni. Ulikuwa wa babu. Nje kulikuwa na chungu kimoja kikitoa mvuke, na wazee wanne wamekizunguka kwenye viti.

Simu ilikuwa mkononi. Nikaiweka mfukoni.

Hakuna mtu aliyenikataza. Niliogopa tu kwamba nikiiweka hiyo, watu watasema hawa ni walevi wa kijijini. Nikiwa kwenye matatu ya kurudi Kisumu ndipo swali likanishika na halijaniachia. Kwa nini ya Mjapani niliiona utamaduni na ya babu yangu nikaiona aibu?

Rahisi kusema ni ukoloni wa akili, tukapiga makofi na kwenda nyumbani. Sehemu ya jibu iko hapo, sikatai. Lakini kwetu kuna kaburi linalonikataza kulijibu hili swali kirahisi hivyo. Kwa hivyo nilirudi Seme, na safari hii niliomba ruhusa ya kuuliza.

"Dana, niambie kong'o inatengenezwa vipi."

Akaniangalia kidogo, mikono bado iko kwenye maharagwe aliyokuwa anachambua. "Unataka nishikwe mara ya pili, nyakwara?"

Tukacheka wote, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Ukienda Japani ukaomba sake, kwa lugha yao umeomba pombe tu, yoyote ile. Hii ya mchele tunayoiita sake wao huiita nihonshu, yaani pombe ya Kijapani. Dholuo iko vilevile. Kong'o ni pombe. Kile chungu cha kumbukumbu ni kong'o, keg ya Kondele ni kong'o, chang'aa ni kong'o, na ile whisky ya mheshimiwa pia ni kong'o. Mtu akisema kong'o imemaliza vijana wetu, anasema kweli. Mzee akisema kong'o ndiyo iliyotupatia wake na marafiki, naye anasema kweli. Tatizo ni kwamba hawa wawili hawazungumzii kitu kimoja, na neno ni moja.

Hiyo ya chungu, ambayo wengi wenu mnaijua kama busaa, Dana alinielezea hivi. Unga wa mahindi unakandwa na maji na kuachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Halafu unakaangwa juu ya bati, moto chini, unageuza na kugeuza mpaka ubadilike rangi na boma lote linukie. Unaanikwa. Pembeni unakuwa umeloweka wimbi, ukaliacha liote, ukalikausha na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Vitu viwili hivi vinakutana na maji ndani ya chungu, na baada ya siku chache chungu kinaanza kuongea chenyewe. Siku ya kunywa, maji ya moto yanaongezwa, na kila mzee anaingiza oseke yake.

Sasa hapa nilienda kusoma, na kichwa kikazunguka. Hamira haiwezi kula wanga. Inakula sukari. Kwa hivyo kila mtu duniani anayetengeneza pombe ya nafaka lazima kwanza atafute njia ya kugeuza wanga kuwa sukari. Wajapani wanatumia ukungu unaoitwa koji, wanaupanda juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke. Dana anatumia wimbi lililoota, kwa sababu mbegu ikianza kuota inajitengenezea yenyewe vimeng'enya vya kuvunja wanga wake. Yeye hajui neno kimeng'enya. Lakini ukimuuliza kwa nini wimbi lazima liote, anakujibu bila kufikiri: "Lisipoota halina utamu, na bila utamu hakuna kitu cha kuchachuka." Kitabu kilisema hivyohivyo, kwa kurasa nyingi zaidi.

Desemba 2024, UNESCO iliweka ujuzi wa Wajapani wa kutengeneza sake na pombe nyingine kwa koji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa dunia. Kabla hujaanza kusema sisi hatutambuliwi, kumbuka Kit Mikayi. Yale mawe makubwa unayoyaona ukielekea Bondo, boda ya dakika chache kutoka kwa Dana. Mila zinazofanywa pale ziliwekwa na UNESCO mwaka 2019, miaka mitano kabla ya sake. Tofauti ni kwamba za Kit Mikayi ziliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Za Wajapani zilisifiwa zikiwa hai. Zetu zilikuwa zinaitiwa daktari.

Nikamuuliza Dana kuhusu sheria za chungu. Nilidhani ataniambia mambo ya mizimu. Akaniambia mambo ya mpangilio.

Vijana hawakukaa kwenye chungu. Chungu kilikuwa na sababu: mazishi, mahari, kumbukumbu, au saga. Saga ni pale una shamba kubwa na mikono michache, unapika kong'o, unaita majirani, wanalima mpaka jua likipanda, halafu wanakaa. Hukulipa pesa, na aliyekuja kwako leo, kesho ukienda kwake unajua chungu kinakungoja. Hukupuliza ndani ya oseke. Hukuinuka ukatembea na pombe, kwa sababu mrija wako una urefu wa mtu na chungu hakina miguu. Ukitaka kunywa lazima ukae, na ukikaa lazima uzungumze na watu. Kesi nyingi za mipaka, kwa maneno yake, ziliishia hapo, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu ambaye mirija yenu imegusana ndani ya chungu kimoja.

"Na ya kwanza kabisa," akasema, "aliyepika anaonja kwanza. Mbele ya watu. Hata kama ni mke wa nyumba, hata kama mgeni ni chifu. Hajaonja, hakuna anayegusa."

Hiyo ndiyo nimeibeba mpaka leo. Tuiweke hapa kando, tutairudia.

Usifikiri Dana alikuwa ananiuzia paradiso. Nilipomuuliza yeye alikaa wapi kwenye huo mduara, akacheka kwa pua. Wanawake walipika siku nyingi, wakasaga, wakakaanga juu ya bati moshi ukiwaingia machoni, wakaonja, halafu wakarudi jikoni. Kiti kwenye chungu alikipata akiwa ameshazeeka. Na wazee wengine walitoka pale wakaenda kupiga wake zao, heshima ya oseke ikabaki kwenye mrija. Kwa hivyo ukisikia mtu anakuambia zamani kila kitu kilikuwa sawa, muulize nyanya yake, usimuulize yeye.

Sasa ile "mara ya pili."

Nilikuwa darasa la tano, likizo ya Agosti. Wakati huo Dana hakuwa anapika ya chungu tu. Alikuwa anauza chang'aa, na kila mtu kijijini alijua. Watoto sita, karo ya sita, babu mgonjwa. Asubuhi moja polisi walikuja kabla jua halijachomoza. Wakapiga pipa teke, wakamwaga kila kitu, wakaondoka naye. Machicha yalitapakaa uwanja mzima, na kuku wakaja kudonoa. Kufikia saa nne kuku walikuwa wanatembea kando kando kama watu wa keg siku ya mshahara. Sisi watoto tulicheka mpaka tukalala chini. Halafu mdogo wangu akauliza Dana atarudi saa ngapi, na kicheko kikaisha.

Alirudi siku ya tatu. Mbuzi wawili waliuzwa kwa ajili ya faini. Hakuongea juu ya hizo siku mpaka nilipomuuliza mwezi jana, na hata mwezi jana hakuongea sana. Alichosema ni hiki: mmoja wa wale waliomkamata alikuwa amekunywa kwake wiki iliyotangulia, na alikuwa bado ana deni.

Nilipoanza kusoma historia ya hizi sheria nilielewa kwamba pipa la Dana lilipigwa teke na watu wengi kabla ya yule polisi. Wakati wa mkoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa ya Mzungu mpaka miaka ya 1940. Kampuni ya bia ya Kenya Breweries ilikuwa imeanza tangu 1922, lakini haikuwa ya babu yako. Yeye alitakiwa anywe ya kienyeji, tena mahali na wakati serikali ilipotaka. Tukapata uhuru, na bia ya chupa ikageuka alama ya mtu aliyefika. Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Na hapa kuna kitu kilichonifanya nisimame katikati ya chumba: mwaka huohuo wa 1980 ndio Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa, na ndani yake kuna boma zima la Kijaluo lililojengwa ili sisi tusisahau tulivyoishi. Mwaka mmoja, nchi moja. Nyumba ya nyanya ikawekwa kwenye makumbusho, na biashara ya nyanya ikapigwa marufuku.

Usikimbilie kusema Wajapani hawakufanyiwa hivyo. Walifanyiwa. Mwaka 1899 serikali yao ilikataza watu kujitengenezea pombe nyumbani, kwa sababu ushuru wa pombe ulikuwa sehemu kubwa sana ya mapato yake na kila chungu cha mkulima kilikuwa pesa inayopotea. Pombe ya mkulima iliitwa doburoku, nyeupe, nzito, haijachujwa, yaani ukiiona unaweza kudhani ni busaa. Ikawa haramu kwa usiku mmoja. Lakini mahekalu machache, kama yale ya kijiji cha Shirakawa, yaliachiwa yaendelee kuipika kwa ajili ya sherehe zao, na hizo sherehe zipo mpaka leo kila Oktoba. Na kuanzia miaka ya 2000 yametengwa maeneo maalum ambapo wakulima wanaweza kupata leseni ndogo ya kuipika. Marufuku ya 1899 bado iko. Ila waliacha mlango mmoja mdogo wazi, na kupitia huo mlango watu wakaendelea kujua namna ya kupika na namna ya kukaa.

Sisi mlango ulifungwa wote, halafu 2010 ukafunguliwa kwa njia ya ajabu. Sheria mpya ya vileo, ile wengi waliiita sheria ya Mututho, ilihalalisha chang'aa. Ndiyo, ni halali. Lakini lazima uwe na leseni, ufikie viwango, na uiuze kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye lebo. Mimi naelewa nia yake, na baada ya muda utaona kwa nini siwezi kuicheka. Ila jaribu kumpa picha hiyo mama wa Seme mwenye pipa moja na wajukuu wanane. Chupa za kioo atatoa wapi? Kwa hivyo aliyekuwa haramu akabaki haramu, isipokuwa sasa kwa karatasi ni halali.

Na mwaka 2019 kiwanda kikubwa cha bia kikafunguliwa hapa Kisumu, kwa mabilioni, kutengeneza keg kwa mtama. Mtama ule ule ambao wazee wetu waliotesha na kusaga. Wakulima wa huku wengi wanauuza kiwandani na wanapata karo, na ni jambo zuri, sitasema vingine. Lakini inachekesha kidogo kwamba nafaka hiyohiyo ikipitia kwenye chuma inaitwa uwekezaji, na ikipitia kwenye chungu inaitwa uhalifu.

Hapo ndipo post za aina hii huwa zinaishia. Mkoloni mbaya, serikali mbaya, nyanya shujaa. Na ningeishia hapo kama si baba mdogo.

Alikuwa kitinda mimba wa Dana. Ndiye aliyenifundisha kuogelea Dunga, ndiye aliyeninunulia simu yangu ya kwanza, ile ya mulika mwizi. Karo yake ya sekondari yote ilitoka kwenye lile pipa. Alipomaliza kidato cha nne alienda kufanya mjengo mbali na nyumbani. Jumamosi moja yeye na wenzake walinunua kitu kwenye chupa ya plastiki, bei ya kutupa. Jumapili jioni alipiga simu akasema anaona ukungu, kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Jumatatu hakuona kabisa. Jumatano tulikuwa tunatafuta gari la kumleta nyumbani, na si la abiria.

Ni methanoli. Ni kileo cha viwandani, kinatumika kwenye rangi na dawa za kuyeyusha, na watu wanakiongeza kwenye pombe ili iwe kali haraka na faida iwe kubwa. Haina harufu ya kukuonya. Mwili unaigeuza kuwa sumu inayokula mishipa ya macho kwanza. Na baba mdogo hakuwa peke yake kwenye hiyo barabara. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mei 2014, zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache. Kila mara tunalia, tunavamia, tunamwaga, tunasahau.

Kwa hivyo mimi sinywi. Si dini, si kujiona. Ni kwamba kila nikishika glasi naisikia ile sauti kwenye simu, "naona ukungu."

Dana aliacha kuuza wiki ileile tuliyomzika. Nilidhani aliacha kwa uchungu. Mwezi jana ndipo aliponiambia kwa nini.

"Yangu nilikuwa naonja," alisema. "Kila pipa. Hakuna mtu aliyekufa kwa mkono wangu. Nilijiambia hivyo miaka mingi." Akanyamaza, akachagua jiwe kwenye maharagwe akalitupa. "Lakini wale niliowauzia kila siku, wale walioacha pesa ya unga hapa kwangu, watoto wao walikula nini usiku ule? Hiyo sikuionja."

Sikujua niseme nini. Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake, alikuwa anasomesha. Ni kweli alikuwa anasomesha. Baba yangu alisoma, na mimi niko hapa naandika hii kwa sababu baba yangu alisoma. Yaani kuna mtoto mahali fulani Seme alilala njaa ili mimi niwe na simu ya kurekodi sake Nairobi. Ukishaliona jambo kwa namna hiyo, "utamaduni" linakuwa neno jepesi sana kulibeba.

Lakini nimefikiri, na hii ndiyo maoni yangu, unaweza kunipinga.

Kilichonivutia kwenye ule usiku wa Nairobi hakikuwa mchele. Kilikuwa ni watu kuwajibikiana. Kikombe changu kiko mikononi mwako, chako mikononi mwangu, kwa hivyo mimi naona umekunywa kiasi gani. Chungu cha babu kilifanya kazi hiyohiyo kwa njia yake. Lazima ukae, lazima kuwe na sababu, wenzako wanakuona, na aliyepika ameonja. Pombe ilikuwa imefungwa kamba pande zote. Kila tulipopitisha sheria ya kupigana na pombe, tulikata kamba na kuiacha pombe. Tulivunja chungu kwa sababu kilionekana, na kilichobaki kikaingia kwenye chupa ya plastiki, kinauzwa gizani kwa kijana anayekunywa amesimama, peke yake, haraka, kutoka kwa mtu ambaye hajaionja na hawezi kuionja. Hata chang'aa ya Dana ilikuwa tayari imepoteza kamba tatu. Ilikuwa imebaki na moja tu, ya kuonja. Baba mdogo alikunywa isiyokuwa na hata hiyo.

Kwa hivyo siombi turudishe oseke kila boma, na siwezi kukuambia unywe. Kama una chini ya miaka 18, sheria iko wazi, na mwaka 2025 serikali ilizungumzia kuipandisha iwe 21. Ninachosema ni kwamba kama kweli tunataka kulinda vijana, tujifunze ni nini hasa kilichokuwa kinawalinda. Nchi iliyoweza kuwaruhusu wakulima wake wachache leseni ndogo, kwa viwango vya chungu kimoja na si vya kiwanda, haijaanguka. Na wewe binafsi, siku mtu akikupa kitu kwenye chupa isiyo na jina, kwenye sherehe yoyote, keja yoyote, uliza swali moja la nyanya yangu. Nani ameonja kwanza? Kama muuzaji mwenyewe hainywi, umeshapata jibu.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa mahari kwa binamu yangu. Chungu kilikuwepo. Baba mkubwa alinishika bega akaniuliza kama nataka kushika oseke ya babu, kwa sababu baba yangu hayupo na mimi ndiye mkubwa wa upande wetu. Nikamwambia, kwa heshima zote, sinywi, anajua. Akafikiri kidogo, akaniambia basi nichukue birika.

Sikujua kwamba kuna mtu wa birika. Ni yule anayeongeza maji ya moto chungu kikipungua. Hanywi akiwa kazini, anatazama. Anajua nani amezidisha, na kwa huyo anachelewa kuongeza. Nilifanya kazi hiyo saa tatu nzima, mgongo ukauma, na nilisikia hadithi za babu ambazo sijawahi kuzisikia maishani.

Dana alionja kwanza. Alikuwa na kiti chake.

Niliomba kurekodi, wakakubali, ila sijaiweka bado. Nilimwonyesha Dana kwanza ile video ya Nairobi, ili ajue huwa nafanya nini. Aliitazama mpaka mwisho, simu ikiwa karibu kabisa na uso. Akapenda vikombe. Akapenda wanavyomiminiana. Halafu akanirudishia simu na kuniuliza, "Na huyu aliyepika, mbona simwoni?"